Kupanga mtandao wa shule kwa faiawoli na kichujio cha tovuti: mwongozo kamili kwa walimu wa TEHAMA wa Nyanda za Juu Kusini

Shule nyingi za sekondari kuanzia Mafinga na Makambako hadi Uyole na Tukuyu zimefikiwa na intaneti, iwe kwa faiba au kwa ruta ya laini ya simu. Tatizo linalobaki ni mgawanyo. Chukua laini ya Mbps 10 na maabara yenye kompyuta 30. Zote zikiwaka kwa pamoja, kila moja inapata wastani wa kbps 333. Wanafunzi wachache wakifungua video kwa ubora wa juu, mhasibu aliyepo ofisini anashindwa kutoa namba ya malipo, na mwalimu wa taaluma anayesajili wanafunzi kwenye mfumo wa PReM wa NECTA anabaki akiangalia duara likizunguka.

Wengi hukimbilia kutengeneza orodha ndefu ya tovuti za kufungia. Mimi nasema orodha hiyo ije mwisho. Mtandao wa shule unatengemaa kwa sheria chache zilizopangwa kwa utaratibu sahihi na zinazosomeka na mtu yeyote atakayekuja baada yako. Kwanza unatenganisha makundi, unaamua kila kundi liruhusiwe nini, unachuja majina ya tovuti mahali pamoja, unagawa kasi kwa haki, ndipo unapoangalia kama bado kuna tovuti ya kufunga.

Mifano yote hapa ni ya ruta ya MikroTik yenye poti 5 na programu yake ya uendeshaji, RouterOS toleo la 7, kwa sababu ndizo utakazozikuta mara nyingi kwa mafundi wetu, na kifaa kidogo tu kinabeba kazi yote hii. Ukiwa na ruta ya aina nyingine, amri zitabadilika lakini mpangilio utabaki huuhuu.

Kabla ya kugusa ruta

Kaa na mkuu wa shule, mhasibu na mwalimu wa taaluma. Andikeni karatasi moja: nani anatumia mtandao, kwa kazi gani, saa ngapi. Ofisi inahitaji mifumo ya serikali na benki, siku nzima, bila kukwama. Maabara inahitaji Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, tovuti ya NECTA, masomo ya video na utafutaji wa kawaida. Walimu wanahitaji Wi-Fi ya simu na kompyuta zao. Karatasi hiyo isainiwe na mkuu wa shule. Siku mtu atakapokuja kulalamika kwamba umemfungia kitu, utamwonyesha uamuzi wa shule, na hutaonekana umetunga mambo yako.

Chora pia ramani: kebo ya intaneti inaingia wapi, swichi ziko wapi, kila poti inaelekea chumba gani. Bandika lebo kwenye kila kebo. Na kwa kuwa mvua zetu za kuanzia Novemba hadi Aprili huja na radi, hakikisha ruta na swichi ziko nyuma ya UPS au kizuia-radi, na mlingoti wa antena umefungwa waya wa ardhi. Ruta iliyoungua haina sheria za kusimamia.

Hatua ya 1: Linda ruta yenyewe

Mwaka 2018 iligundulika hitilafu kwenye WinBox, programu ya kusimamia MikroTik, iliyomwezesha mtu wa nje kusoma majina na nywila za ruta. Watengenezaji walitoa marekebisho mapema mwaka huohuo, lakini laki kadhaa za ruta duniani zilitekwa kwa sababu wenyewe hawakusasisha na waliacha mlango wa usimamizi wazi kuelekea intaneti. Kwa hiyo anza hapa.

Chomeka kompyuta yako kwenye poti ya 5, fungua WinBox, uingie kwa anwani 192.168.88.1. Sasisha programu:

```
/system package update check-for-updates
/system package update install
```

Ruta ikishawaka tena, chomoa kebo ya intaneti kutoka poti ya 1. Utairudisha sheria zikishakamilika. Kisha bonyeza kitufe cha Safe Mode juu ya WinBox. Ukijifungia nje kwa bahati mbaya ukiwa kwenye hali hiyo, ruta inafuta yenyewe mabadiliko yote uliyofanya tangu uibonyeze. Kila hatua ikikubali, izime ili mabadiliko yahifadhiwe, kisha uiwashe tena kwa hatua inayofuata.

```
/user add name=fundi group=full password=WekaNywilaNdefu
/user disable admin
/ip service disable telnet,ftp,www,api,api-ssl
/ip service set winbox address=192.168.88.0/24
/interface list add name=USIMAMIZI
/interface list member add list=USIMAMIZI interface=bridge
/tool mac-server mac-winbox set allowed-interface-list=USIMAMIZI
```

Hakikisha unaweza kuingia kwa jina jipya la fundi kabla ya kuzima admin. Mistari mitatu ya mwisho ina umuhimu wake: WinBox inaweza kuingia kwa anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao ya kifaa) bila kupita kwenye sheria za IP, na usipoibana, mwanafunzi aliyeko maabara anaweza kufika kwenye ukurasa wa kuingilia.

Hatua ya 2: Tenganisha makundi

Ruta ikitoka kiwandani, poti ya 2 hadi ya 5 zimeunganishwa kuwa mtandao mmoja. Kwa shule hilo halifai, maana kompyuta ya mwanafunzi inaiona kompyuta ya mhasibu. Tutatoa poti tatu, kila moja iwe na mtandao wake: poti ya 2 ofisi, ya 3 maabara, ya 4 Wi-Fi ya walimu. Poti ya 5 inabaki ya fundi peke yake.

Kwa maabara iko hivi (LAN ni upande wa ndani ya shule, na dhcp-server ndiyo inayozipa kompyuta anwani):

```
/interface bridge port remove [find interface=ether3]
/interface list member add list=LAN interface=ether3
/ip address add address=192.168.20.1/24 interface=ether3
/ip pool add name=maabara ranges=192.168.20.50-192.168.20.200
/ip dhcp-server add name=maabara interface=ether3 address-pool=maabara disabled=no
/ip dhcp-server network add address=192.168.20.0/24 gateway=192.168.20.1 dns-server=192.168.20.1
```

Rudia kwa ether2 ukitumia 192.168.10.0/24 na jina ofisi, halafu ether4 ukitumia 192.168.30.0/24 na jina walimu. Angalia pia orodha ya WAN, yaani upande wa intaneti: kama mtoa huduma wako anatumia PPPoE (kuunganishwa kwa jina na nywila), kinachotakiwa kuwemo humo ni kiunganishi cha pppoe, si ether1 peke yake. Ukikosea hapo, sheria zinazofuata zitaonekana nzuri na hazitafanya kazi.

Hatua ya 3: Sheria za faiawoli

Hapa ndipo penye uzito, nenda taratibu.

Faiawoli inasoma sheria kutoka juu kwenda chini. Pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, ikikutana na sheria inayoihusu, hukumu inatolewa palepale na zilizobaki chini hazisomwi. Ni kama mlinzi wa geti mwenye daftari: akishapata jina lako mstari wa tatu, hana haja ya kuendelea kusoma. Ndiyo maana sheria sahihi ikiwekwa mahali pasipo pake ni sawa na kutokuwepo.

Kuna milolongo miwili utakayoitumia. *Input* ni pakiti zinazoilenga ruta yenyewe: mtu anayejaribu kuingia WinBox, au kompyuta inayouliza DNS (huduma inayotafuta anwani ya jina la tovuti). *Forward* ni pakiti zinazopita ruta kwenda upande mwingine: maabara kwenda intaneti, walimu kwenda printa ya ofisi. Watu wengi hufunga tovuti kwenye input na kushangaa kwa nini inafunguka. Kuvinjari kunapita forward.

Zima sheria zilizokuja na ruta bila kuzifuta, ili uweze kuzirudisha:

```
/ip firewall filter disable [find dynamic=no]
```

Kisha input:

```
/ip firewall filter
add chain=input action=accept connection-state=established,related,untracked comment="Mawasiliano yaliyokwisha kuruhusiwa"
add chain=input action=drop connection-state=invalid comment="Pakiti zisizoeleweka"
add chain=input action=accept protocol=icmp comment="Ping"
add chain=input action=accept in-interface=bridge comment="Poti ya fundi"
add chain=input action=accept in-interface-list=LAN protocol=udp dst-port=53,67 comment="DNS na DHCP"
add chain=input action=accept in-interface-list=LAN protocol=tcp dst-port=53 comment="DNS"
add chain=input action=drop comment="Mengine yote yaishie hapa"
```

Na forward:

```
add chain=forward action=accept connection-state=established,related,untracked comment="Mawasiliano yaliyokwisha kuruhusiwa"
add chain=forward action=drop connection-state=invalid comment="Pakiti zisizoeleweka"
add chain=forward action=reject reject-with=tcp-reset protocol=tcp dst-port=853 comment="DNS ya siri, TCP"
add chain=forward action=drop protocol=udp dst-port=853 comment="DNS ya siri, UDP"
add chain=forward action=accept in-interface=ether4 dst-address=192.168.10.20 protocol=tcp dst-port=9100 comment="Walimu kwenda printa ya ofisi"
add chain=forward action=accept in-interface=ether3 out-interface-list=WAN protocol=tcp dst-port=80,443 time=7h-17h,mon,tue,wed,thu,fri,sat comment="Maabara: kuvinjari saa za shule"
add chain=forward action=accept in-interface=ether3 out-interface-list=WAN protocol=udp dst-port=123 comment="Maabara: saa ya kompyuta"
add chain=forward action=accept in-interface=ether2 out-interface-list=WAN comment="Ofisi kwenda intaneti"
add chain=forward action=accept in-interface=ether4 out-interface-list=WAN comment="Walimu kwenda intaneti"
add chain=forward action=accept in-interface=bridge out-interface-list=WAN comment="Fundi kwenda intaneti"
add chain=forward action=drop comment="Kisichoruhusiwa hakipiti"
```

Tazama ule mstari wa mwisho. Hatukuandika popote kwamba maabara isifike ofisini, wala hapahitajiki. Kwa kuwa kila kisichotajwa kinaanguka, maabara haifiki ofisini, haifiki kwa walimu, na mtu wa nje hafiki kokote. Printa ya ofisi ilihitajiwa na walimu, ikapewa mstari wake mmoja, anwani moja, poti moja. Hivi ndivyo ninavyopenda sheria zikae: kila ruhusa ina sababu, na sababu imeandikwa kwa Kiswahili kwenye comment. Mwalimu atakayehamishiwa shuleni kwenu kutoka Ludewa au Kyela aweze kuisoma bila kukupigia simu.

Ukiacha UDP 123 ya saa ya kompyuta, maabara imepewa TCP 80 na 443 tu, yaani poti za kuvinjari tovuti. Uamuzi huo mmoja unaziba mengi. VPN nyingi (njia za siri za kukwepa vichujio) zinazotumia UDP hazitoki. Michezo ya mtandaoni haitoki. QUIC, njia ya UDP 443 ambayo vivinjari huipenda, nayo haitoki, na kivinjari kinarudi chenyewe kwenye TCP bila mtumiaji kugundua.

Kuhusu muda: ruta inasoma saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Saa 1 asubuhi ya kwetu kwake ni 7h, na saa 11 jioni ni 17h. Nimekuta ruta iliyoandikwa 1h-11h, maabara ikawa inafunguka usiku watu wamelala na kufungwa kabla ya kipindi cha mchana. Jua pia kwamba sheria ya muda inahusu mawasiliano mapya. Video iliyokwisha kuanza kabla ya saa 11 jioni itaendelea mpaka muunganisho wake ukatike.

Ruta hizi nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika, zinawaka na wakati usio sahihi, na hapo maabara inaweza kufungwa mchana kweupe. Dawa ni kuipa ruta chanzo cha saa:

```
/system clock set time-zone-name=Africa/Dar_es_Salaam
/system ntp client set enabled=yes
/system ntp client servers add address=africa.pool.ntp.org
```

Mwisho wa hatua hii, rudisha kebo ya intaneti poti ya 1. Kama mtoa huduma anakupa pia IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti), sheria zote za juu haziigusi, kwa kuwa IPv6 ina meza yake. Usipokuwa tayari kuiandikia sheria, izime kwa `/ipv6 settings set disable-ipv6=yes`, kisha uwashe ruta upya.

Hatua ya 4: Kichujio cha tovuti kupitia DNS

Kila kompyuta kabla ya kufungua tovuti huuliza: jina hili lina anwani gani? Anayejibu swali hilo ndiye anayeshika mlango. Tutaielekeza ruta iulize seva za Cloudflare za familia, ambazo hukataa kutoa anwani za tovuti za ngono na za programu hasidi. Huduma hii ni ya bure na haihitaji akaunti:

```
/ip dhcp-client set [find] use-peer-dns=no
/ip dns set servers=1.1.1.3,1.0.0.3 allow-remote-requests=yes
```

Ipo pia CleanBrowsing (185.228.168.168 na 185.228.169.168) na OpenDNS FamilyShield (208.67.222.123 na 208.67.220.123). Chagua moja. Ukichanganya mbili hutajua jibu limetoka wapi. Huduma zinazokuruhusu kuchagua makundi ya tovuti kwa kusajili anwani yako ya IP sizipendekezi kwa shule iliyo kwenye laini ya simu: anwani ya nje ya laini hizo huwa mnaitumia na wateja wengine wengi, na hubadilika.

Sasa, mwanafunzi mwerevu ataandika 8.8.8.8 (DNS ya Google) kwenye kompyuta yake na kukwepa. Basi kila swali la DNS, liwe limeelekezwa kwa nani, lirudishwe kwa ruta:

```
/ip firewall nat
add chain=dstnat in-interface-list=LAN protocol=udp dst-port=53 action=redirect to-ports=53 comment="DNS zote zipite kwetu"
add chain=dstnat in-interface-list=LAN protocol=tcp dst-port=53 action=redirect to-ports=53 comment="DNS zote zipite kwetu"
```

Kwa kuwasha allow-remote-requests umeifanya ruta kuwa seva ya DNS. Ule mstari wa mwisho wa input ndio unaozuia dunia nzima kuitumia. Ukiufuta, ruta yako itageuzwa silaha ya kushambulia mitandao ya watu, na laini yako itajaa bila wewe kujua kwa nini.

Seva hizo za Cloudflare hazizuii tovuti za kubeti. Kwa vijana wetu hilo ni jambo zito, na mimi naona shule isilifumbie macho. Ongeza majina mwenyewe, jina moja linafunga na matawi yake yote. Badala ya example.com weka tovuti husika; NXDOMAIN ni jibu kwamba jina hilo halipo:

```
/ip dns static add name=example.com match-subdomain=yes type=NXDOMAIN comment="Kubeti"
```

Kwa utafutaji, ilazimishe Google itumie hali salama, na YouTube ifiche video zisizofaa:

```
/ip dns static
add name=www.google.com type=CNAME cname=forcesafesearch.google.com
add name=www.google.co.tz type=CNAME cname=forcesafesearch.google.com
add name=www.youtube.com type=CNAME cname=restrictmoderate.youtube.com
add name=m.youtube.com type=CNAME cname=restrictmoderate.youtube.com
add name=youtubei.googleapis.com type=CNAME cname=restrictmoderate.youtube.com
```

YouTube ina daraja kali zaidi, restrict.youtube.com. Nimechagua la wastani kwa sababu lile kali hufuta hata masomo mazuri ya baiolojia, na mwalimu akishakosa somo lake mara mbili ataomba kichujio chote kiondolewe. Madaraja yote mawili huficha maoni yaliyo chini ya video, jambo ambalo kwa shule ni faida.

Hatua ya 5: Ziba mianya

Vivinjari vinaweza kuuliza DNS kwa siri ndani ya HTTPS (mawasiliano ya tovuti yaliyofumbwa), na hapo sheria ya poti 53 haigusi kitu. Firefox huangalia kwanza jina maalumu. Ikijibiwa kwamba halipo, inaacha kutumia DNS hiyo ya siri, isipokuwa mtumiaji awe ameiwasha kwa mkono:

```
/ip dns static add name=use-application-dns.net type=NXDOMAIN
/ip dns static add name=dns.google type=NXDOMAIN
/ip dns static add name=cloudflare-dns.com match-subdomain=yes type=NXDOMAIN
```

Chrome ikiachwa ilivyo haileti shida, kwa sababu hutumia njia ya siri pale tu inapoitambua seva ya DNS iliyowekwa kwenye kompyuta, na seva ya kompyuta hizi ni ruta yako. Kwa wanaoandika anwani moja kwa moja, weka orodha:

```
/ip firewall address-list
add list=dns-siri address=8.8.8.8
add list=dns-siri address=8.8.4.4
add list=dns-siri address=1.1.1.1
add list=dns-siri address=1.0.0.1
add list=dns-siri address=9.9.9.9
/ip firewall filter
add chain=forward action=reject reject-with=tcp-reset protocol=tcp dst-port=443 dst-address-list=dns-siri comment="DNS ya siri ndani ya HTTPS" place-before=[find comment="DNS ya siri, TCP"]
add chain=forward action=drop protocol=udp dst-port=443 dst-address-list=dns-siri comment="DNS ya siri ndani ya QUIC" place-before=[find comment="DNS ya siri, TCP"]
```

Waambie walimu mapema: mwenye simu ya Android aliyeandika jina la seva kwenye sehemu ya DNS binafsi atakosa intaneti kwenye Wi-Fi ya shule mpaka airudishe kuwa otomatiki.

VPN inayopita TCP 443 inafanana na tovuti ya kawaida, na ruta haitaizuia kwa uhakika. Maabara ina dawa nyingine, tena bora: akaunti ya mwanafunzi kwenye Windows isiwe na haki ya msimamizi, na viendelezi vya kivinjari vifungwe. Asiyeweza kusakinisha VPN hahitaji kuzuiwa VPN.

Utashauriwa na wengine uweke proksi inayofungua HTTPS, yaani usakinishe cheti cha shule kwenye kila kompyuta ili usome kurasa za watu. Nakusihi usifanye. Kwenye mtandao huohuo walimu wanaingia benki na kwenye akaunti zao za fedha za simu, na ukikusanya nywila zao umejibebesha dhamana usiyoiweza. Ruta inaona jina la tovuti na anwani yake, na hilo linatosha kwa kazi ya shule. Sheria za tls-host zinazochungulia jina hilo zinaweza kusaidia hapa na pale, lakini vivinjari vya sasa mara nyingi hugawa ujumbe wa mwanzo unaobeba jina hilo katika vipande viwili, na sheria inapitwa. Layer7, yaani sheria zinazochungulia yaliyomo ndani ya pakiti, nayo inachosha kichakato cha ruta ndogo bure.

Hatua ya 6: Gawa kasi

Pima kasi halisi, kisha tumia takriban asilimia 90 yake kama kikomo, ili foleni ikae kwenye ruta yako unayoitawala na isikae kwa mtoa huduma. Kwa Mbps 10:

```
/queue type add name=gawa-shusha kind=pcq pcq-classifier=dst-address
/queue type add name=gawa-pandisha kind=pcq pcq-classifier=src-address
/queue simple
add name=jumla target=192.168.10.0/24,192.168.20.0/24,192.168.30.0/24 max-limit=9M/9M
add name=ofisi parent=jumla target=192.168.10.0/24 limit-at=3M/3M max-limit=9M/9M priority=1/1 queue=gawa-pandisha/gawa-shusha
add name=maabara parent=jumla target=192.168.20.0/24 limit-at=4M/4M max-limit=9M/9M priority=4/4 queue=gawa-pandisha/gawa-shusha
add name=walimu parent=jumla target=192.168.30.0/24 limit-at=2M/2M max-limit=9M/9M priority=6/6 queue=gawa-pandisha/gawa-shusha
```

Ofisi ina Mbps 3 za uhakika, maabara 4, walimu 2, na kila kundi linaweza kuazima kilicho wazi. Ndani ya kundi, kila kompyuta inapata fungu sawa. Sheria ya fasttrack (njia ya mkato ya pakiti), iliyokuwa kati ya zile zilizokuja na ruta tulizozizima katika hatua ya 3, ibaki imezimwa, maana pakiti zinazopita njia hiyo hazihesabiwi na foleni hizi.

Masasisho ya Windows yanastahili mpango wake. Sasisho la MB 500 kwa kompyuta 30 ni GB 15, na kwa Mbps 10 hiyo ni kazi ya saa 3 na dakika 20 laini ikiwa haina mtu mwingine. Washa Delivery Optimization kwa kompyuta za mtandao wa ndani, sasisha kompyuta moja Jumamosi mchana, halafu washa nyingine zichukue kutoka kwa ile ya kwanza.

Hatua ya 7: Jaribu ukiwa kwenye kiti cha mtumiaji

Kaa kwenye kompyuta ya maabara, fungua dirisha la amri:

```
nslookup nudity.testcategory.com
nslookup nudity.testcategory.com 8.8.8.8
```

Jina hilo limewekwa na Cloudflare kwa ajili ya majaribio. Zote mbili zikikujibu 0.0.0.0, kichujio kinafanya kazi na njia ya kukwepa imezibwa. Kisha jaribu kufungua 192.168.10.20 kutoka maabara: isifunguke. Jaribu printa kutoka Wi-Fi ya walimu: ichape. Rudi kwenye ruta uangalie hesabu ya pakiti kwenye kila sheria.

Mtandao ukigoma, usianze kulaumu sheria. Ukiwa kwenye poti ya fundi (maabara haikuruhusiwa ping ya nje), piga ping kwa ruta, halafu kwa 1.1.1.3, halafu kwa jina. Ruta ikijibu na 1.1.1.3 isijibu, tatizo liko nje: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania nzima ikayumba, na hakuna faiawoli ya Mbeya ambayo ingebadilisha hilo. Namba ikijibu na jina likagoma, angalia DNS. Na kama kompyuta moja tu kuukuu inakataa kila tovuti kwa kisingizio cha cheti, tazama tarehe yake kwanza. Betri ya ubaoni ikishakufa, kompyuta hurudi miaka nyuma na HTTPS haikubali.

Hatua ya 8: Hifadhi, na utunze siri za watu

```
/export file=shule-sheria
/system backup save name=shule-kamili password=NywilaNyingine
```

Nakili mafaili hayo kwenye flash mbili. Moja ibaki kwa mkuu wa shule ndani ya kabati, pamoja na ile karatasi iliyosainiwa, ramani, na nywila ndani ya bahasha iliyofungwa.

Ukiwasha kumbukumbu za kuvinjari, elewa kwamba taarifa za nani alitembelea nini zinaangukia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Washa kumbukumbu kwa sheria unayoichunguza tu, kwa muda unaouhitaji, kisha izime. Wanafunzi na walimu waambiwe kwa tangazo la wazi mlangoni mwa maabara kwamba mtandao unachujwa na kwa nini.

Kila muhula unapofunguliwa, ingia kwa poti ya 5, sasisha RouterOS, na uzipitie sheria mstari kwa mstari. Sheria ya kuruhusu iliyokaa muhula mzima na pakiti 0 izime, subiri wiki mbili, na kama hakuna aliyekuja kuuliza, ifute. Tovuti ambayo mwalimu ameomba ifunguliwe, iandike kwenye karatasi pamoja na jina la somo, ndipo uifungue.